Sufuria Ipumzike

Walimwita Redio kwa sababu mbili. Kwanza, alikuwa hanyamazi. Pili, hata ukimchapa kofi la mgongoni aliendelea tu, kama zile redio kuukuu ambazo ukizigonga ndipo zinaposhika vizuri. Mama yake alikuwa na sababu ya tatu, kwamba huyu alizaliwa tayari ana maoni, lakini mama naye hutia chumvi, na pengine ndiko mwanawe alikoitoa.

Kwa hiyo mwalimu wa sayansi alipoingia kidato cha tatu na kusema kwamba muhula huu hawatakariri, kwamba kila kundi litafute tatizo la mtaani kwao na kulitatua kwa mikono yao wenyewe, darasa zima lilijua Redio atapewa kazi gani. Hakuna mtu mwenye akili timamu angemkabidhi msumeno.

Kundi lao lilikuwa na watu wanne, lakini kusema kweli lilikuwa na Rula. Rula ni yule msichana anayepima kila kitu. Ukimgawia kipande cha mkate, anakiangalia kwanza kama pembe zake zimekaa sawa. Wengine wawili walikuwa wa kubeba mchanga, na waliubeba vizuri, tuwaache hapo. Redio akapewa mdomo. "Wewe utawaeleza watu," Rula alimwambia. "Kitu pekee unachojua kufanya bila kuvunja chochote."

Tatizo halikuhitaji kutafutwa. Mabomba ya mtaa yalikuwa yamekauka hadi ndege wamejenga humo, na watu wote walichota maji kwenye kisima cha bondeni. Maji yake yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Yalikuwa na kitu kimoja kizuri tu: hakuna mtu aliyethubutu kuyanywa hivihivi. Ukiyatazama, mkono wenyewe unakwenda kutafuta kiberiti.

Rula akatengeneza chujio. Ndoo mbili za plastiki, moja imekaa juu ya nyingine. Ya juu ina kokoto, mchanga mnene, mchanga laini, mkaa uliopondwa na kitambaa. Ya chini ina koki. Mchanga aliuosha mwenyewe mpaka vidole vikakunjamana kama vya bibi kizee. Ukimimina chai ya maziwa juu, chini inatoka kioo. Siku Redio alipoyaona yale maji mara ya kwanza, alinyamaza kwa muda, na wenzake wakalitaja jambo hilo wiki nzima.

"Maneno ya kuwaambia ni matatu," Rula alisema. "Chuja, chemsha, kunywa. Matatu tu. Hata wewe utayaweza."

Uzinduzi ulifanyika uani kwa Mama Pacha, kwa sababu ndiko kulikokuwa na nafasi, na kwa sababu Mama Pacha, pamoja na watoto wake wawili waliofanana kama vikombe vya seti moja, alipenda watu. Mtaa ukajaa. Mwalimu alikaa mbele na daftari la mahudhurio mapajani. Redio akamimina, akasubiri, akainua glasi juu ili jua lipite ndani yake, na watu wakavuta pumzi kwa pamoja. Pale pale alijua kwamba amewashika. Mtu mwenye mdomo anajua wakati huo ukifika, kama mvuvi anavyojua uzi ukikaza.

Basi Bibi wa Kona, aliyeitwa hivyo kwa sababu nyumba yake imekaa pale njia inapokata, na kwa sababu hakuna jambo lililopita kona ile bila yeye kulijua, akainua mkono.

"Mjukuu wangu, sasa na kuchemsha nako?"

Neno lilikuwa tayari ulimini. Chemsha. Lakini Redio alisikia jinsi watu walivyoguna nyuma ya swali lile, maguno ya mkaa kupanda bei na moshi kuingia machoni, na aliona kwamba akilisema, ile furaha itamwagika kama maji ya kuoshea. Mbele yake, ukutani, ilining'inia sufuria ya Bibi ambayo Mama Pacha alikuwa ameiazima, nyeusi tititi.

"Bibi," akasema, "hiyo sufuria yako imefanya kazi tangu babu anakutongoza. Na hata babu mwenyewe alistaafu. Iache nayo ipumzike."

Watu walicheka mpaka Mama Pacha akajiegemeza ukutani. Bibi mwenyewe alijifuta machozi kwa ncha ya khanga. Mwalimu aliziba mdomo kwa daftari, na mabega yake yakawa yanatikisika. Kabla jua halijazama, watoto wa mtaa walikuwa wameshaugeuza utani ule wimbo wa makofi: *Chuja, kunywa, sufuria ipumzike.*

"Umeruka neno," Rula alimwambia wakati wanakusanya vifaa.

"Nimeliweka akiba."

"Redio."

"Rula, ni utani. Watu wazima hawa, wataelewa."

Rula alifungua kinywa. Kisha akaangalia ule mstari wa watu waliokuwa wanajiandikisha kutengenezewa chujio, mrefu kuliko alivyowahi kuota, akakifunga.

Mradi ukashika moto, kwa namna ya kusema, maana moto wenyewe ndio uliozimika. Nyumba baada ya nyumba ziliweka ndoo. Mwalimu alimpa Redio alama zote za mawasiliano, kitu ambacho hakikuwahi kumtokea katika somo lolote isipokuwa, siku moja, katika kuruka kamba. Ofisi ya elimu ikatuma salamu kwamba wageni watakuja Jumamosi kuuona mradi, na ukiwapendeza utapelekwa shule nyingine.

Nyumbani kwao Redio kulikuwa na mpenzi wake mkubwa, mtoto wa dada yake, ambaye alikuwa hajafikisha hata mwaka. Redio alimwita Mzee, kwa sababu ya kipara na kwa sababu alikunja uso kama mtu aliyenyimwa kiti kwenye mkutano. Kila asubuhi kabla ya shule, mjomba alimpigia Mzee chafya ya uongo, kubwa, yenye mikono na miguu, na Mzee alicheka mpaka akapata kwikwi.

Asubuhi moja ya wiki ileile ya wageni, mjomba alipiga chafya na Mzee hakucheka. Akapiga ya pili. Mtoto alimwangalia kidogo, kisha akaangalia pembeni yake, kama vile kuna mtu mwingine nyuma.

"Ameharisha usiku kucha," Dada alisema. "Nibebee huo mkoba."

Zahanati ilikuwa na benchi moja refu lililojaa wanawake wenye watoto mapajani. Redio aliwatambua wengi, na hakupenda kwamba aliwatambua. Nesi alimlaza Mzee kitandani, akabana ngozi ya tumbo lake kwa vidole viwili. Ngozi ilibaki imesimama, kisha ikashuka polepole, kama kitambaa kilicholowa.

"Anakunywa nini huyu?"

"Ziwa langu," Dada akajibu. "Na maji kidogo joto likizidi."

"Maji ya kuchemsha?"

"Ya kuchujwa."

"Sikukuuliza kuchujwa, mama."

"Ni safi, nesi. Ukiyaona utadhani ya dukani."

Nesi alikuwa anatafuta mshipa kwenye mkono mdogo kama kijiti. Hakuinua uso. "Tangu juzi naambiwa hayohayo. Wote mnatoka mtaa mmoja. Nikiuliza kuchemsha, naambiwa sufuria inapumzika. Natamani nimjue huyo aliyewaambia."

 Dada hakumtazama hata mdogo wake, na hiyo ndiyo iliyouma zaidi. Redio aliona kwamba mdomoni mwake tayari kulikuwa na kichekesho, kilikuja chenyewe bila kuitwa, kama mbwa aliyezoea kulishwa. Akakimeza.

"Lakini yanatoka meupe kabisa," alisema kwa sauti ambayo hakuijua.

"Mchanga unakamata tope," nesi akasema. Sindano iliingia; Mzee alilia kilio kidogo, kikavu. "Kinachoharisha hakionekani, kinapita. Kuchuja ni vizuri, ila lazima mchemshe. Zamani mlikuwa mkiliona tope, mnaogopa, mnawasha moto. Tope lilikuwa linawalinda. Sasa mmetolewa tope, na woga nao ukatoka."

Redio alimkuta Rula stoo ya shule, amepiga magoti, anapaka rangi alama za vipimo kwenye ndoo za maonyesho. Mistari ilikuwa imenyooka vibaya sana, yaani imenyooka mno.

"Nilikuambia," Rula akasema, baada ya kusikia yote. Brashi ilibaki hewani.

"Najua."

"Maneno matatu."

"Najua, Rula. Twende tuwaambie."

"Baada ya Jumamosi." Lilimtoka haraka, na ni dhahiri hata yeye alilisikia, kwa sababu aliweka brashi chini na kuanza kufuta rangi kwenye kidole kisichokuwa na rangi. Kisha, kwa sauti ya chini: "Nenda wewe. Mimi nikiongea wanapiga miayo. Wewe ndiye wanayekusikiliza."

Hilo ndilo lililokuwa kosa lao la pili. Walidhani kusikilizwa na kuaminiwa ni kitu kimoja.

Mama Pacha alikuwa anaanika nguo, vibanio ameviuma kwa meno. Mmoja wa pacha alikuwa ameshika sketi yake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Redio wangu. Leo una lipi?"

"Maji ya kwenye ndoo, Mama. Muwe mnayachemsha. Lazima."

Mama Pacha alisubiri. Tabasamu lilikuwa limeshakaa mkao, linangoja tu ruhusa. "Enhe?"

"Basi. Ni hilo."

"Enhe, na sufuria ikasemaje?"

"Mama, sitanii."

"Jamani, hebu mwoneni." Kicheko kilimtoka na kibanio kikaruka. Akamwita jirani wa upande wa pili wa ukuta. "Njoo uone uso aliouvaa huyu leo. Kama karani wa mahakama. Redio, rudia, rudia ule wa *lazima*."

"Mtoto wa dada yangu yuko kwenye dripu."

"Uwii, pole." Alivitoa vibanio vilivyobaki mdomoni, kwa heshima. "Atakuwa anaota meno. Hata pacha wa huyu amelala ndani, tumbo linamsumbua, sijui wamekula nini huko walikocheza." Kisha, kwa kuwa jirani alikuwa ameshafika na amesimama anangoja: "Haya mwambie na yeye. Kwa uso uleule."

Kwa Bibi wa Kona mambo yalikuwa mabaya zaidi, maana Bibi alicheka mpaka akashika mbavu na kuomba aletewe maji, na maji aliyoletewa yalitoka kwenye koki. Redio alimwangalia akiyanywa yote. Nyumba ya tatu, ya nne, hadithi ni ileile. Kadiri alivyokaza uso ndivyo walivyocheka. Alipoapa, walisema hii ya kuapa ni nzuri kuliko ya kwanza. Sauti ilipoanza kumkatika, mzee mmoja alimpigia makofi, akasema kijana huyu angefaa kwenye maigizo. Nyuma yake watoto walijipanga wakimfuata, makofi yao yamekolea: *Chuja, kunywa, sufuria ipumzike.* Alipogeuka kuwakemea, walianguka chini kwa kucheka.

Kesho yake, saa ambazo wakubwa wako makazini na wengine kisimani, Redio aliazima spana ya baiskeli na kuzunguka uani kwa watu. Alilala chali chini ya ndoo ya kwanza, akaing'oa koki. Maji yalimwagika shingoni, yakaingia ndani ya shati la shule, yakatiririka hadi kwenye mizizi ya maua ya mtu. Safi kabisa, yanameremeta. Akaitia koki kwenye mkoba na kwenda nyumba inayofuata. Bila koki, ndoo ni ndoo tu, na maji yatarudi kuwa tope, na tope litarudisha woga. Hakuwa na hesabu nyingine.

Kwa Mama Pacha alikuta kufuli mlangoni, ndoo iko ndani. Alidhani wameenda sokoni. Akaiacha hiyo.

Bibi wa Kona alimkuta amelala chini ya ndoo yake, miguu tu ndiyo inayoonekana.

"Wewe mwenye miguu. Unaiba koki yangu?"

"Ndiyo, Bibi."

Bibi alisubiri sentensi iliyobaki. Haikuwepo. Redio alitoka, amelowa, akaitia koki mkobani, akasimama mbele yake bila kukimbia.

"Leo hunichekeshi?"

"Leo sina, Bibi. Nisamehe."

Akaondoka, na Bibi, mwanamke ambaye hakuwahi kukosa la kumpigia mtu kelele, alibaki amesimama pale, mkono kiunoni, anaangalia maji yake yakikauka kwenye vumbi.

Ofisi ya walimu ilinuka karatasi na viatu. Mwalimu alikuwa peke yake, anapanga ratiba ya wageni. Redio alimwaga mkoba mezani, na koki zikabiringika juu ya ratiba, moja ikadondoka sakafuni.

Mwalimu alizitazama. "Wageni wanakuja kesho."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kesho, Redio."

"Mtoto wa dada yangu yuko kwenye dripu. Na wengine wengi, zahanati imejaa. Ni maji."

Akaeleza. Kwa mara ya kwanza tangu aanze shule alieleza kitu kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukipamba. Mwalimu alichukua koki moja akawa anaifungua na kuifunga, kuifungua na kuifunga.

"Kwa nini hukuwaambia watu kistaarabu, badala ya kuwaharibia vitu vyao?"

"Niliwaambia. Walicheka."

"Wote?"

"Hata wewe ulicheka, Mwalimu. Siku ile."

Mkono uliokuwa unazungusha koki ukatulia. Uwanjani wenzao walikuwa wakifagia kwa ajili ya wageni, mafagio yanakwenda kwa pamoja.

"Nilisikia ulivyoruka neno," Mwalimu akasema. "Nikasema moyoni, nitarekebisha baadaye. Kisha nikaona idadi ya nyumba inavyopanda." Aliweka koki chini taratibu, kama yai. "Nilikupa alama zote."

"Ndiyo, Mwalimu."

Mlangoni palikuwa na mtu. Ni Rula, ana rangi mikononi, na haijulikani alikuwa amesimama hapo tangu lini. "Mimi nilijua tangu siku ya kwanza," akasema. "Mniandike na mimi."

Mwalimu aliinuka, akazirudisha koki mkobani na kumpa Redio. "Twendeni. Nitasema mimi. Rula, utaonyesha. Redio, wewe utasimama kando yangu."

"Niseme nini?"

"Usiseme kitu."

Walikuta mtaa umechafuka. Habari za koki zilikuwa zimeshapita kona, kwa hiyo zilikuwa zimeshafika kote, na watu walikuwa wamekusanyika barazani kwa Bibi wakiwa na hasira za kweli. Mwalimu alianza kusema. Alisema vizuri, kwa mpangilio, kama anavyosema darasani, na watu walimsikiliza kama darasa linavyomsikiliza, yaani macho yao yalikuwa kwingine. Walikuwa wanamtazama Redio. Walikuwa wanangoja. Hasira yote ile ilikuwa na tundu katikati, na tundu lile lilikuwa mahali ambapo kichekesho kingepita.

"Haya, Redio," mtu akasema kutoka nyuma. "Toa basi la leo."

Redio alisimama. Aliukumbatia mkoba wa koki kifuani kwa mikono miwili. 

Mwalimu akaendelea kuhusu vijidudu. Bibi wa Kona hakuwa anamsikia kabisa.

"Mwalimu, ngoja," akasema. "Huyu mbona hasemi?"

"Nimemwambia asiseme."

"Huyu? Na amekubali?"

Watu wawili watatu walianza kucheka, wakaishia njiani. Kicheko hakikupata wa kukipokea. Bibi alimtazama yule kijana kuanzia viatu vilivyolowa hadi usoni, kama anavyotazamwa mtu aliyerudi kutoka mbali. Nyuma ya uso ule hakukuwa na utani. Alichungulia vizuri, haukuwepo.

Bibi aliingia ndani. Wote walisikia mkaa ukimwagwa kwenye jiko, kisha sufuria ikitolewa kwenye msumari wake. Alipotoka aliikung'uta vumbi kwa khanga, bila kumtazama mtu. "Mnangoja nini?" akawauliza majirani. "Mwalimu kashasema."

Wakaanza kutawanyika, mmoja mmoja. Mwanamke mmoja alikimbia.

"Mama Pacha hayupo," Rula akasema. "Tumpitie."

Kufuli lilikuwa palepale mlangoni. Jirani wa upande wa pili wa ukuta, yule aliyeitwa kuja kuuona uso, alikuwa amesimama na vibanio vya nguo mkononi.

"Wameondoka alfajiri," akasema. "Hospitali kubwa. Mmoja wa pacha alikuwa hawezi hata kusimama."

"Yupi?" Redio akauliza. Ndilo neno lake la kwanza.

Jirani alifungua mikono. "Nani anayewajua, baba. Wanafanana."

Mwalimu aliweka mkono begani kwa Redio, akauondoa. Alimwambia Rula kwamba wageni kesho wataletwa hapa, si shuleni, na wataambiwa yote. Rula aliitikia kwa kichwa, kisha akaketi kwenye ngazi na kuficha uso magotini. Redio akaketi pembeni yake. Ndani ya nyumba, kwa mbali, kitu kilikuwa kinadondoka, tone, tone, kutoka kwenye koki ya pekee iliyobaki mtaani.

Hapo ndipo Dada alipowakuta, anarudi kutoka zahanati na khanga begani.  Alifungua mbeleko, akamtoa Mzee na kumweka mikononi mwa mjomba wake.

"Amenyonya," akasema. "Wamesema nimrudishe kesho wamwangalie."

Mzee alikuwa mwepesi, mwepesi mno, na alikuwa na plasta kwenye mkono. Alimkunjia Redio uso, kisha akabaki anamtazama. Redio alijua anachongoja. Chafya ilikuwa hapahapa, puani. Hakujua kama anayo haki nayo.

Ndipo waliposikia makofi. Yalitoka mtaa wa chini, ng'ambo ya bonde, ambako hakuna mtu wa mradi aliyewahi kupeleka ndoo hata moja. Sauti za watoto asiowajua, zimekolea vizuri, hazikosei hata mdundo.

*Chuja, kunywa.*

Redio alimkabidhi Dada mtoto, akaanza kushuka bonde.